Mcheza Kwao Hutuzwa: Tuzo na Ari ya Mtoto Katika Kujifunza

Maneno ya Kamati ya Elimu katika mkutano wa wazazi, walimu wa kujitolea na majirani, uliofanyika ukumbini mwa hekalu katika wiki ya maadhimisho



Kamati ya Elimu inashukuru kupewa nafasi ya kusema katika wiki hii ya furaha. Kama mnavyofahamu, darasa la Jumamosi linalofanyika katika ukumbi huu huwapokea watoto wa wanachama na watoto wa majirani, bila kuuliza mtoto anatoka nyumba gani wala familia yake inasali wapi. Wako wanaosoma katika shule za serikali, na wako wanaosoma katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wote huketi pamoja, hugawana vitabu, na hunywa chai ya birika moja.

Katika maandalizi ya maadhimisho haya, mfadhili mmoja mwenye moyo mwema ametoa pendekezo. Anataka zitolewe zawadi za fedha taslimu kwa watoto watatu watakaoongoza katika mitihani ya mwisho wa mwaka, na majina ya watoto wote yasomwe hadharani kwa mpangilio wa nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Pendekezo hili limetolewa kwa nia njema, nasi tumelipokea kwa shukrani. Lakini kabla wanachama hawajalipigia kura, Mwenyekiti ametuomba tueleze yale ambayo wataalamu wa elimu wameyaona kwa uchunguzi wao. Ni kitu gani humfanya mtoto atake kujifunza? Na je, tuzo humwongezea ari, au humpunguzia?

Haya si maswali ya vyuoni tu. Jibu letu litaamua watoto wetu watakavyotoka katika ukumbi huu siku ya kufunga mwaka, na nani kati yao atakayerudi Jumamosi itakayofuata.

Motisha ni nini?

Neno motisha limezoeleka sana midomoni mwetu. Mfanyakazi akilisikia hufikiria posho, na mfanyabiashara hufikiria punguzo la bei. Wataalamu wa elimu hulitumia kwa maana pana zaidi. Kwao motisha ni ile nguvu inayomfanya mtu aanze jambo, aendelee nalo linapokuwa gumu, na asiliache kabla halijakamilika.

Nguvu hiyo huja kwa njia mbili. Iko motisha ya nje, yaani mtu hufanya jambo ili apate kitu kingine: fedha, sifa, cheti, au kuepuka fimbo. Na iko motisha ya ndani, yaani mtu hufanya jambo kwa sababu jambo lenyewe lina ladha au maana kwake. Mtoto anayefungua kitabu cha hadithi kwa sababu kesho kuna jaribio ana motisha ya nje. Mtoto anayeomba dakika tano zaidi kabla taa haijazimwa, ili ajue sungura alimponyokaje fisi, ana motisha ya ndani. Kwa kawaida mtoto mmoja huwa na zote mbili. Swali ni namna zinavyohusiana: je, zinasaidiana, au moja huweza kuila nyingine?

Fikra za mwanzo

Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Edward Thorndike aliwafungia paka katika masanduku yenye komeo, akaweka chakula nje. Paka alihangaika hadi akaligusa komeo kwa bahati, akatoka na kula. Kila alipofungiwa tena alitoka upesi zaidi. Mwaka 1898 Thorndike alichapisha kazi yake, na kutokana nayo ikakua kanuni kwamba tendo linaloleta raha hurudiwa, na lile lisiloleta raha hufifia. Baadaye B. F. Skinner aliipanua fikra hiyo kwa majaribio ya panya na njiwa waliobonyeza kidude ili wapate punje. Nyota zinazobandikwa madaftarini na zawadi za wanafunzi watatu bora zinafuata mantiki hiyohiyo: mpe punje, naye atabonyeza.

Fikra hii haina uongo, lakini ina upungufu. Njiwa wa Skinner hakuulizwa kama anapenda kubonyeza. Punje zilipokoma, kubonyeza nako kulikoma taratibu. Sisi hatutaki watoto watakaosoma mpaka zawadi ziishe.

Mwaka 1943 Abraham Maslow aliandika kwamba binadamu ana mahitaji ya ngazi mbalimbali. Kwanza chakula na maji, kisha usalama, kisha kupendwa na kuwa miongoni mwa wenzake, kisha kuheshimiwa, na mwisho kutimiza kile alichojaliwa kuwa. Watu wameijadili sana ngazi hiyo, na si kila hatua yake imethibitishwa, ila msingi wake tunaujua sote: tumbo likiwa tupu, sikio haliko darasani. Jirani zetu wa Kenya walitoa mfano wa jambo linalokaribiana na hilo. Katika wilaya ya Busia, watoto katika shule za msingi walipewa dawa za minyoo, na watafiti Edward Miguel na Michael Kremer wakaonyesha mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo. Hapakuwa na zawadi. Watoto walipona, wakaja shule.

Kwa hiyo chai na chapati zinazotolewa na akina mama kabla ya somo la Jumamosi zisihesabiwe kuwa ukarimu tu. Ni sehemu ya ufundishaji.

Kalamu za rangi

Sasa tufike kwenye swali la tuzo lenyewe. Mwaka 1973 watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Waliwachagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za wino wa rangi, kisha wakawagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliahidiwa mapema kwamba atakayechora atapata cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila lilipomaliza kuchora lilipewa cheti hichohicho bila kutarajia. Kundi la tatu halikuahidiwa wala halikupewa.

Baada ya wiki moja au mbili, kalamu ziliwekwa tena mezani darasani, safari hii bila neno lolote kuhusu vyeti. Watafiti wakatazama kimya. Watoto wa kundi la pili na la tatu waliendelea kuchora kama kawaida yao. Wale walioahidiwa cheti tangu mwanzo walitumia takribani nusu tu ya muda ambao wenzao waliutumia. Kitu walichokuwa wakikipenda kiligeuka kibarua, na kibarua kisicho na malipo hakina mtu.

Miaka miwili kabla ya hapo, Edward Deci alikuwa ameona jambo la namna hiyo kwa wanafunzi wa chuo. Aliwapa mafumbo ya vipande vya kupanga. Waliolipwa dola moja kwa kila fumbo walipungukiwa na hamu ya kuyagusa mafumbo hayo malipo yalipoondolewa. Mwaka 1999 Deci na wenzake, Richard Koestner na Richard Ryan, walikusanya matokeo ya majaribio 128. Waliona kwamba tuzo ya kushikika iliyoahidiwa mapema hupunguza hamu ya ndani, lakini maneno ya kutambua kazi nzuri, yakisemwa bila kumshurutisha mtu, huiongeza.

Haki inatutaka tuseme kwamba si wataalamu wote wanaokubaliana. Judy Cameron na David Pierce waliandika mwaka 1994 kwamba madhara ya tuzo ni madogo, tena hutokea katika hali chache. Pia ni wazi kwamba tuzo haiwezi kuiua hamu ambayo haikuwapo. Mtoto anayechukia jedwali la kuzidisha hapotezi upendo wowote akiahidiwa pipi. Hatari iko pale ambapo upendo tayari umeota. Na wengi wa watoto wanaokuja hapa Jumamosi, siku ambayo wangeweza kubaki nyumbani wakicheza, wanakuja kwa sababu umeota.

Wakati tuzo zilipofaa

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba tuzo zote ni mbaya. Turudi Busia. Mwaka 2001 na 2002, wasichana wa darasa la sita katika baadhi ya shule waliambiwa kwamba asilimia 15 watakaofanya vizuri zaidi katika mtihani watapata ufadhili wa miaka miwili. Shilingi 500 za Kenya zingelipwa shuleni kwa ada, shilingi 1,000 zingepewa familia kwa sare na vifaa, na washindi wangepongezwa mbele ya jamii. Kremer, Miguel na Rebecca Thornton walichapisha matokeo mwaka 2009. Alama za wasichana zilipanda, na hata wale waliokuwa nyuma, wasio na tumaini kubwa la kushinda, nao walipanda. Walimu pia walihudhuria kazini zaidi.

Mbona tuzo hii ilifaa? Tunaona sababu mbili. Fedha zile ziliondoa kizuizi cha kweli kilichowafukuza wasichana shule, yaani ada na sare. Tena hazikumgusa mtoto peke yake, kwa kuwa mwalimu alijitahidi, mzazi alifuatilia, na darasa zima likachangamka. Tuzo ilikusanya watu kuzunguka masomo ya mtoto.

Mfano mwingine ni wa Marekani. Roland Fryer alifanya majaribio makubwa katika miji kadhaa, na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Katika New York watoto walilipwa kwa alama za mitihani, na katika Chicago kwa madaraja ya masomo. Fedha nyingi zilitumika, na ufaulu haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Katika Dallas watoto wa darasa la pili walilipwa dola mbili kwa kila kitabu walichokisoma na kujibu maswali yake, na huko uwezo wa kusoma ulipanda kwa watoto wanaozungumza Kiingereza. Watoto walioahidiwa fedha kwa alama walipoulizwa watafanya nini ili alama zipande, wengi walitaja mbinu za kujibu mtihani, si kusoma zaidi wala kumwuliza mwalimu. Walizitaka fedha, lakini njia hawakuijua. Wale wa Dallas walionyeshwa njia yenyewe: fungua kitabu hiki, ukisome mpaka mwisho.

Nchini kwetu Tanzania kuna somo linalofanana na hilo. Katika shule 350 za msingi, mpango wa KiuFunza ulijaribu njia tatu miaka ya 2013 na 2014. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili lilipewa bahashishi kwa walimu kulingana na watoto waliofaulu. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Vilipounganishwa, watoto walijifunza zaidi. Fedha bila ari hukaa kabatini, na ari bila vifaa hufa njiani.

Mahitaji matatu ya moyo

Kutokana na uchunguzi wa miaka mingi, Edward Deci na Richard Ryan walijenga nadharia inayosema kwamba ari ya ndani hustawi pale ambapo mahitaji matatu ya moyo yametimizwa.

Hitaji la kwanza ni uhuru wa kuamua. Huu si uhuru wa kufanya lolote. Ni kujua kwamba mimi mwenyewe nimekubali kulifanya jambo hili na ninaelewa kwa nini. Mwalimu anayemwambia mtoto achague kitabu kimoja kati ya vitatu amempa uhuru wa kutosha kwa jioni ile.

Hitaji la pili ni umahiri, yaani kuhisi kwamba ninaweza na ninaendelea kuweza. Hapa tungependa tukae kidogo, kwa maana ndipo watoto wengi wa mtaa wetu wanapoumia. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anafaulu vizuri, anapongezwa. Anaingia kidato cha kwanza, na karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Yule aliyekuwa akinyoosha mkono kila dakika anaanza kuketi nyuma. Anaogopa kuuliza, kwa sababu swali lake litachekwa kabla halijaeleweka. Mwisho wa muhula anaitwa mvivu. Ndugu zetu, uvivu haumwingii mtoto ndani ya likizo moja. Kilichopotea ni imani kwamba anaweza.

Albert Bandura, aliyeandika juu ya imani hii mwaka 1977, alieleza kwamba hujengwa hasa na mambo manne: kufaulu mwenyewe katika hatua ndogo, kumwona mtu kama wewe akifaulu, kutiwa moyo na unayemwamini, na utulivu wa mwili na moyo. Hakuna hata moja kati ya haya linalonunuliwa kwa bahasha. Yote yanapatikana katika ukumbi huu. Kijana wa kidato cha tatu aliyeuvuka mto huo akiketi karibu na yule wa kidato cha kwanza, akamwonyesha namna alivyoandika maneno mapya kumi kila siku katika daftari dogo, amefanya kazi ambayo hotuba yetu haiwezi kuifanya.

Tena mto huu una ng'ambo mbili. Wako watoto wetu wanaozungumza Kigujarati nyumbani na Kiingereza shuleni, ambao ngeli za Kiswahili huwatoa jasho na insha huwakosesha usingizi. Mbele ya sentensi moja ya Kiswahili nao hunyamaza kama yule wa kidato cha kwanza. Jumamosi hawa wawili hukutana, kila mmoja akiwa mwalimu kwa saa moja na mwanafunzi kwa saa inayofuata. Hakuna aliye nyuma siku nzima.

Hitaji la tatu ni kuwa miongoni mwa watu, yaani kujua kwamba wapo wanaonijali na ambao mimi ni wao. Hapa wahenga wetu wa Kiswahili waliwatangulia wataalamu kwa kusema: mcheza kwao hutuzwa. Tulitazame neno hili vizuri. Ngomani au katika taarabu, anayetuzwa hupewa wakati mchezo ukiendelea, na watu wanaomfahamu, kwa furaha inayowajia papo hapo. Hakuna aliyemwahidi kabla, wala hakuna anayewapanga wachezaji mstari kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Na neno kubwa katika methali hiyo ni kwao. Tuzo ni alama kwamba mtu yuko kwao. Kati ya watoto wa Stanford, waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza chochote. Wahenga wasingeshangaa.

Namna ya kusifu

Wazazi wengi watasema: basi tuwasifu. Ni kweli, lakini hata sifa ina namna yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio na watoto wa darasa la tano. Baada ya kujibu maswali ya kwanza, baadhi waliambiwa kwamba wamefaulu kwa sababu wana akili, na wengine kwa sababu wamejitahidi. Waliosifiwa akili walipendelea kazi rahisi, ili wasije wakaonekana hawana akili. Walipopewa maswali magumu na kushindwa, walikata tamaa, na katika maswali yaliyofuata walifanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa jitihada walichagua kazi ngumu na kuendelea mbele.

Uchunguzi mkubwa uliofuata umetufundisha tusitarajie miujiza. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake walionyesha kwamba somo fupi la kuwaeleza vijana kwamba akili hukua kwa kutumiwa liliinua alama za wanafunzi dhaifu, lakini kwa kiasi kidogo tu. Neno jema halichukui nafasi ya mwalimu mzuri. Hata hivyo halina gharama, nasi twaweza kuanza leo. Badala ya kumwambia mtoto kwamba ana akili sana, tumwambie: nimeona umeirudia hesabu hii mara tatu mpaka ukapata njia. Atajua ni kipi akirudie kesho.

Kuhusu kutangaza nafasi

Wako watakaosema kwamba dunia ni ya ushindani, na mtoto asiyezoezwa kushindana atalia ukubwani. Hoja hii ina uzito. Mitihani ya taifa ipo, na itaendelea kuchagua. Lakini kwa kuwa ipo, darasa la hekalu halina haja ya kuwa nakala yake. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe, lilipotangaza matokeo Januari 2023, liliacha desturi yake ya kutaja shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Na zamani zaidi, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alionya dhidi ya shule inayopima kila kitu kwa mtihani na kusahau maisha ambayo mtoto anaandaliwa kuyaishi.

Tufikirie orodha ikisomwa hapa. Watatu wa mbele watashangiliwa, na wangeshangiliwa hata bila sisi. Katikati hakuna atakayesikia jina lake vizuri. Na yule wa mwisho, ambaye huenda ndiye aliyetembea mbali kuliko wote kutoka pale alipoanzia, atasimama mbele ya wazazi na majirani akiwa wa mwisho. Mtoto huyo hatutamwona tena Jumamosi. Hilo ndilo tunalolihofia.

Maandiko yetu nayo hayako mbali na haya. Bhagavad Gita, katika sura ya pili, hufundisha kwamba mtu anayo haki juu ya tendo lake, lakini asifungwe na matunda ya tendo hilo. Mafundisho hayo hayasemi kwamba matunda ni mabaya. Yanasema kwamba anayeyakodolea macho matunda peke yake hulivuruga tendo. Majirani zetu wenye imani nyingine wanayo mafundisho yao juu ya nia na kazi, na tunaamini tutakutana mahali pamoja.

Mapendekezo ya Kamati

Kwa heshima kwa mfadhili wetu, na baada ya kuyapima haya yote, Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo matano.

Kwanza, fedha zilizotolewa zinunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili na vya Kiingereza, pamoja na kamusi, viwekwe katika kabati la ukumbi huu, na kila mtoto wa darasa la Jumamosi aruhusiwe kuazima.

Pili, atambuliwe kila mtoto atakayesoma vitabu alivyojipangia na mwalimu wake na kuvisimulia kwa maneno yake mwenyewe. Milango ya tuzo iwe mingi kama watoto walivyo wengi, na kila mtoto aijue njia ya kuifikia.

Tatu, majina yasisomwe kwa nafasi. Matokeo apewe kila mzazi faraghani, pamoja na maelezo ya pale mtoto alipoanzia na alipofika.

Nne, litengwe fungu la kuwasaidia kimyakimya watoto wanaokwama kwa sababu ya viatu, sare au vifaa, awe ni mtoto wa mwanachama au wa jirani. Busia imetuonyesha kwamba fedha hufanya kazi inapoondoa kizuizi.

Tano, siku ya kufunga mwaka watoto wenyewe waonyeshe walichojifunza: mmoja asome shairi alilolitunga, mwingine aeleze jaribio la sayansi, mwingine asimulie hadithi kwa lugha ambayo mwaka jana hakuiweza. Nasi wazazi tuje, tuketi mbele, tuwatazame. Atakayeguswa na kutaka kumtuza mtoto papo hapo, na amtuze, kama desturi yetu ya pwani na bara ilivyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tumezungumza habari za paka, njiwa, kalamu za rangi na mafumbo ya vipande. Ila uamuzi utakaofanywa na mkutano huu unawahusu watoto hawa walioketi mbele yetu. Wanachotuomba si kikubwa: wapate mahali pa kujaribu bila kuchekwa, mtu wa kuwaonyesha hatua inayofuata, na watu wanaofurahi kuwaona wamekuja. Tunawaomba wanachama wayapime mapendekezo haya, wayarekebishe panapohitajika, na kuyapigia kura kwa moyo mweupe.

Tunamshukuru mfadhili wetu kwa ukarimu uliotufanya tufikiri. Tunawashukuru walimu wa kujitolea, ambao ari yao haijawahi kungoja bahasha. Tunawashukuru majirani kwa kutuamini na watoto wao. Tunawatakia wote heri ya maadhimisho, afya njema, na nyumba zenye vitabu.